Safari ya meli ndogo visiwa vya Svalbard: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, Juni hadi Septemba, naongoza wageni kwenye meli ndogo huko Svalbard. Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa watalii Serengeti kwa miaka tisa. Maswali haya nimeulizwa tena na tena, mengi kwa ujumbe wa sauti kutoka Tanga, Mombasa, Nairobi na Muscat, mengine mezani melini. Nimeyakusanya hapa ili anayefikiria safari hii aijue ilivyo kabla hajatoa hela.

## Mambo ya mwanzo

Svalbard ni wapi?

Ni visiwa vya Norway vilivyoko baina ya pwani ya kaskazini ya nchi hiyo na Ncha ya Kaskazini, kati ya latitudo 74 na 81. Kisiwa kikubwa ni Spitsbergen, kisha Nordaustlandet, Edgeøya, Barentsøya na vingine vidogo vingi. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 61,000, na takriban asilimia 60 imefunikwa na barafu mwaka mzima. Mji wenyewe ni Longyearbyen, wenye watu wapatao 2,500. Ulianza mwaka 1906 kwa machimbo ya makaa ya mawe ya Wamarekani, na jina lake limetokana na mmoja wao, John Munro Longyear. Safari nyingi huanzia na kuishia hapo. Kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini zimebaki kama kilomita 1,300.

Meli "ndogo" ni ndogo kiasi gani?

Kuna zinazobeba abiria 12 na kuna za karibu 200. Ninayofanyia kazi ina vitanda hamsini na kitu. Udogo una sababu mbili. Kwanza sheria: tangu tarehe 1 Januari 2025, meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi, nayo hifadhi ndiyo sehemu kubwa ya visiwa hivi. Pili ni kazi yenyewe. Kila mtu anashushwa kwa boti za mpira, kama watu kumi kila boti. Wageni hamsini wanafika ufukweni ndani ya nusu saa. Wakiwa mia mbili, kundi la kwanza linarudi melini kabla la mwisho halijavaa mabuti.

Usitarajie ukumbi wa muziki wala duka. Kuna sebule, maktaba ndogo, jiko zuri, na sitaha ya wazi ambayo ndiyo mahali pa kuishi.

Niende mwezi gani?

Inategemea unataka kuona nini. Juni theluji bado ipo chini na baadhi ya hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, zimeganda, na dubu huwinda sili, mnyama wa baharini, juu ya barafu hiyo. Julai majabali yamejaa ndege na vifaranga. Mwisho wa Julai na Agosti barafu ya bahari imerudi nyuma, kwa hiyo kuna nafasi nzuri zaidi ya kuizunguka Spitsbergen yote. Septemba jua linazama tena, milima inakuwa ya rangi ya dhahabu na waridi, na wageni ni wachache.

Ukinibana nichague, nachagua wiki ya mwisho ya Juni.

Ni kweli jua halizami?

Kweli. Longyearbyen jua halizami kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi wiki ya tatu ya Agosti. Saa sita usiku unasoma gazeti sitahani. Beba kitambaa cha kufunika macho, la sivyo siku ya tatu utakuwa unasinzia kwenye supu. Kuhusu sala, tazama sehemu ya mwisho.

## Wanyama

Nitamwona dubu mweupe?

Pengine. Safari ya siku nane au kumi mara nyingi humpata, lakini anayekuahidi dubu anakuuzia kitu kisicho chake.

Watu husema Svalbard ina dubu wengi kuliko binadamu. Si sahihi. Makadirio ya mwaka 2004 yalikuwa kama dubu 2,650 kwa eneo zima la Bahari ya Barents, upande wa Norway na wa Urusi pamoja. Wanaokaa Svalbard mwaka mzima ni kama 300. Wengine hufuata barafu, nayo barafu kila mwaka inazidi kwenda mbali. Kwa hiyo kumpata ni kazi ya macho. Sisi waongozaji tunapokezana kwenye daraja la nahodha, chumba cha kuongozea meli, saa zote, darubini machoni, tukichambua ufuko kipande kwa kipande. Dubu si mweupe kama theluji. Ana rangi ya siagi, na hiyo ndiyo inayomtoa. Mara tisa kati ya kumi "dubu" huwa ni jiwe.

Tutamsogelea kiasi gani?

Si chini ya mita 300. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500, maana ndicho kipindi ambacho majike wana watoto wachanga na uwindaji ndio maisha yao. Akitukaribia yeye, sisi ndio tunaorudi nyuma. Kumfuata, kumvutia au kumsumbua ni kosa la jinai.

Najua wengi husikitika hapa, hasa waliozoea simba wa Seronera, kule Serengeti, anayelala kwenye kivuli cha gari. Mimi mwenyewe ilinichukua msimu mzima kuizoea. Simba wa Seronera amezaliwa akiona magari. Dubu huyu huenda hajaona binadamu mwaka mzima, na kila hatua anayokimbia kwa ajili yetu inakula mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya miezi ya njaa.

Nikupe mfano. Juni mmoja tulikuta jike na mtoto wake juu ya barafu ya hori, zaidi ya mita 600. Nahodha akasimamisha meli. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Jike alikuwa amelala kifudifudi mbele ya tundu la sili, pua karibu na maji, hatikisiki. Mtoto alichoka kusubiri, akaanza kumng'ata mama yake mkia. Mama hakugeuka. Kwenye omo, mbele ya meli, walikuwepo watu arobaini, na mpishi naye alitoka, mikono bado ina unga, na hakuna aliyesema neno. Sili hakutokea. Jike alijinyoosha, akapiga miayo, wakaondoka taratibu bila kututazama hata mara moja. Katika miaka yangu yote ya kazi, bara na huku, hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote, na picha zangu za siku hiyo hazionyeshi zaidi ya vidoa viwili.

Chukua darubini nzuri. Ni muhimu kuliko kamera.

Mbali na dubu kuna nini?

Kuna walrasi, na wengi wetu huondoka tukimpenda huyu zaidi. Ni jamaa wa sili, ana pembe mbili zinazoshuka mdomoni, na dume hufika kilo 1,500. Waliwindwa karne tatu hadi wakabaki wachache mno, kisha wakalindwa mwaka 1952. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2018 ilipata zaidi ya 5,000. Utawakuta wamerundikana ufukweni kama magunia ya mkaa, wanakoroma, wanabeua, wanapigana pembe kwa kugombea nafasi ya kulala. Harufu yao inakufika kabla hujawaona. Chakula chao ni kombe wa chini ya bahari, ambao huwatafuta kwa sharubu gizani.

Reindia wa Svalbard, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ana miguu mifupi na mwili wa duara, na kwa kuwa ni nadra kuwindwa na wanyama wengine huku, wakati mwingine anakuja mwenyewe kukutazama. Kuna mbweha wa Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, wa kahawia wakati wa kiangazi. Kuna sili wa aina kadhaa, nyangumi mweupe anayepita kwa makundi kando ya kuta za barafu, na nje kidogo nyangumi wakubwa, wakiwemo nyangumi wa buluu.

Pengwini hakuna. Wako upande wa pili wa dunia.

Ndege je? Mimi si mtu wa ndege.

Wageni wengi wanasema hivyo mpaka tufike Alkefjellet, kwenye mlangobahari wa Hinlopen. Ni ukuta wa mwamba mweusi uliosimama wima kutoka baharini, na juu yake wanataga ndege weusi kwa weupe, makumi ya maelfu ya jozi. Kila mmoja ana yai moja tu juu ya ukingo mtupu wa jiwe. Yai limechongoka upande mmoja. Kelele za ndege hao ni kama soko la Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Hapo boti haziruhusiwi kuzidi mwendo wa noti tano, yaani kama kilomita tisa kwa saa, zikiwa ndani ya mita 500 za majabali, kuanzia Aprili hadi Agosti, maana ndege wakishtuka na kuruka pamoja, mayai huanguka.

Kuna pia buabua wa Aktiki, ambaye kila mwaka huenda hadi bahari za Antaktika na kurudi. Ana uzito wa kama gramu 100 na hamwogopi mtu. Ukikaribia kiota chake atakudonoa utosini mpaka damu itoke. Inua fimbo au mguu wa kamera juu ya kichwa, atadonoa hicho kilicho juu zaidi, nawe urudi ulikotoka.

Kwa msomaji wa pwani kuna jambo la kufurahisha. Baadhi ya vitwitwi wanaochokora matope Mida Creek au kwenye delta ya Rufiji miezi ya kaskazi walizaliwa kwenye tundra ya Aktiki, nyika baridi isiyo na miti, hasa upande wa Siberia. Kwa hiyo ukitazama vitwitwi kwenye maji kupwa, unatazama wageni waliotoka huku.

## Kupanga safari

Inagharimu kiasi gani?

Nyingi. Siku nane au kumi kwenye meli ya aina hii mara nyingi huanzia dola 5,000 kwa mtu na kupanda zaidi ya 10,000, kulingana na chumba. Ndege hadi Longyearbyen na bima ni gharama nyingine. Chumba cha ndani cha watu watatu kinakupeleka ufuko ule ule anaopelekwa mwenye chumba chenye roshani. Ushauri wangu ni kuchukua chumba cha bei ya chini na meli yenye watu wachache, hata kama meli yenyewe ni kuukuu. Muulize wakala maswali mawili: abiria wangapi, na waongozaji wangapi. Mwongozaji mmoja kwa watu kumi hadi kumi na wawili ni uwiano mzuri.

Nahitaji viza?

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini ili ufike lazima upite Norway bara, Oslo au Tromsø, na huko ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard iko nje ya Schengen. Maana yake, ukipanda ndege kwenda Longyearbyen umetoka, na ukirudi unaingia mara ya pili. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mgeni mmoja kutoka Mombasa aliletewa na wakala wake viza ya kuingia mara moja. Alizuiwa uwanjani Oslo, meli ikaondoka bila yeye, na pesa hazikurudi. Nilikuwa nimemwandalia mabuti yenye jina lake, yakakaa kwenye rafu safari nzima.

Maombi yanapokewa hadi miezi sita kabla ya safari. Anza mapema.

Bima gani?

Inayotaja wazi uokoaji na kusafirishwa kwa helikopta au ndege ya wagonjwa kutoka maeneo ya Aktiki. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø. Ukiwa upande wa mashariki wa visiwa, msaada unaweza kuchukua saa nyingi kufika, na ukungu ukiwepo ndio kabisa. Mwenye maradhi ya moyo, au mjamzito, azungumze na daktari na mwenye meli kabla hajalipa.

Kwa nini ratiba inasema "huenda" kila mahali?

Kwa sababu barafu ndiyo inayopanga. Nahodha na kiongozi wa safari wanatazama ramani ya barafu kila asubuhi. Tukiamua kushuka na dubu akaonekana ufukweni, hatushuki. Upepo ukigeuka na kusukuma barafu mlangoni mwa hori, tunatoka haraka tusije tukafungiwa. Msimu mmoja tulikusudia kuizunguka Spitsbergen tukaishia kugeuza Hinlopen, na kwa kuwa tuligeuza tukakuta nyangumi weupe karibu sitini.

Pia, ndani ya hifadhi kushuka kunaruhusiwa kwenye maeneo 43 tu yaliyotajwa kisheria. Kwingine unatazama ukiwa kwenye boti.

## Melini na ufukweni

Siku inakwendaje?

Kifungua kinywa, kushuka mara moja asubuhi, chakula, kushuka au kuzunguka kwa boti mchana, kisha mazungumzo jioni kuhusu tulichoona. Spika ya chumbani inaweza kukuamsha saa tisa usiku kwa ajili ya nyangumi. Amka. Utalala ukifika nyumbani.

Kwa nini waongozaji wana bunduki?

Kwa usalama wa watu na wa dubu. Kabla hujakanyaga ufuko, sisi tumeshatangulia, tumepanda vilima na kuangalia kila bonde. Bunduki ni ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna macho, kuna kuondoka mapema, na kuna bastola ya fataki ya kumtisha. Dubu akiuawa, mamlaka ya gavana hufanya uchunguzi. Kwangu mimi hiyo itakuwa na maana kwamba nilikosea saa moja kabla. Kaa na kundi lako, usitangulie, usibaki nyuma kwa ajili ya picha.

Mito ya barafu inaonekana karibu?

Ndiyo, na ni sehemu ya safari ambayo picha haziitendei haki. Monacobreen ni ukuta wa buluu wenye ufa kila mahali. Austfonna, upande wa Nordaustlandet, inamwaga maporomoko ya maji ya kiangazi kutoka juu ya ukuta moja kwa moja hadi baharini, na ukuta huo una urefu wa zaidi ya kilomita 150. Tunakaa mita 200 au zaidi, kwa sababu kipande kikianguka huleta wimbi.

Tukizima injini kati ya vipande vidogo vinavyoelea, sikiliza. Barafu inalia kama bisi kikaangoni. Ni hewa iliyobanwa ndani yake tangu theluji ile iliponyesha, karne nyingi nyuma, sasa inatoka. Wageni hunyamaza wenyewe hapo, sihitaji kuwaomba.

Naweza kuokota jiwe, mfupa au pembe?

Hapana. Kila alama ya binadamu ya kabla ya mwaka 1946 inalindwa na sheria, hata msumari uliooza au mfupa wa nyangumi uliochinjwa na Waholanzi wa karne ya 17 pale Smeerenburg. Ua usichume. Mmea mmoja mdogo kama kifungo unaweza kuwa na umri wa miaka mingi kuliko mwanao.

Mbona tunasafisha viatu na mifuko kabla ya kushuka?

Ili mbegu na vijidudu vya kwetu visishuke nasi. Tunapitisha mashine ya kufyonza vumbi hadi kwenye mifuko ya koti. Kwa sababu ya mafua ya ndege hatukai chini wala kuweka begi chini ufukweni. Mbweha usimguse hata akikusogelea, kichaa cha mbwa kipo visiwani.

Nitalewa bahari?

Ndani ya hori maji hutulia kama bwawa. Nje, hasa upande wa magharibi, meli inayumba. Meza dawa kabla hujaanza kujisikia vibaya, kaa katikati ya meli, chini, na uangalie upeo wa macho. Tangawizi inasaidia baadhi ya watu.

## Mavazi na mwili

Nivae nini?

Wastani wa Julai Longyearbyen ni nyuzi 6 au 7 tu, na kwenye boti upepo unazishusha. Vaa tabaka: fulana ya sufu mwilini, sweta, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Pamba iache nyumbani, ikilowa haikauki na inakugandisha. Glavu jozi mbili, kofia, soksi nene. Meli nyingi huazima gambuti, ulizia. Miwani ya jua ni lazima.

Kina dada na kina mama wanaovaa baibui au sketi ndefu: vaeni suruali pana isiyopitisha maji, koti refu na hijabu ya sufu. Sketi hunasa kwenye ukingo wa boti unaporuka kushuka, na nimeshamdaka mtu kiunoni kwa sababu hiyo.

Hewa ni kavu mno, na ngozi nyeusi inapauka na kupasuka vidole. Mafuta ya nazi yataganda chupani, kwa hiyo beba ya kopo la mdomo mpana. Jua likigonga theluji linaunguza hata ngozi yetu, pakeni kinga.

## Maswali ya pembeni

Nitaswali vipi jua lisipozama?

Wanazuoni hurejea hadithi ya Dajjal, pale Mtume alipoulizwa kuhusu siku iliyo kama mwaka, akasema ikadirieni. Wengine hufuata saa za Makka, wengine za mji wa karibu ambako usiku na mchana vinatofautiana. Ukiwa msafiri kuna pia kupunguza na kukusanya. Muulize shekhe wako kabla ya kuondoka ili uwe na ratiba mkononi. Kibla, kutoka Longyearbyen, ni kusini kuelekea kidogo mashariki. Sisi tuliokua tukielekea kaskazini, kugeukia kusini kunahitaji mazoea. Meli nayo inageuka, kwa hiyo beba dira.

Nyama ya halali ni nadra. Waandikie mapema wakuandalie samaki na mboga, wapishi wanazoea.

Intaneti ipo?

Kwa kubahatisha, na kaskazini zaidi ndio huipati kabisa. Tukikaribia Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, simu zote zinawekwa katika hali ya ndegeni, maana mawimbi ya Wi-Fi na Bluetooth yanavuruga vifaa vyao.

Lile ghala la mbegu za dunia tunaingia?

Ghala hilo, linalohifadhi akiba ya mbegu za mazao ya dunia, haliingiliki. Utaona mlango wake, kabari ya zege inayotokeza mlimani juu ya uwanja wa ndege. Lilifunguliwa tarehe 26 Februari 2008, na kati ya walioweka mbegu za kwanza ni Wangari Maathai, pamoja na waziri mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg. Mimi hupenda kuwaonyesha wageni wa kwetu mlango ule na kuwatajia jina hilo.

Je, sisi kwenda huko hakuharibu?

Kunachangia. Eneo la Bahari ya Barents linapata joto haraka kuliko karibu popote duniani, na mafuta ya ndege yetu na meli yetu yamo humo. Mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku Svalbard tangu 2022, hilo ni jema, lakini halifuti jambo lenyewe. Ninachoweza kusema kwa moyo mmoja: kama utakwenda, nenda mara moja, kaa siku nyingi, chagua meli ndogo isiyokimbia huku na huko kusaka dubu.

Naweza kuogelea?

Unaweza, tukipata siku tulivu. Maji yana nyuzi kati ya 0 na 5. Daktari anakuwepo, boti inakuwa tayari, na unafungwa kamba kiunoni. Usipige mbizi. Ukitoka, kumbatia ngazi kwa viwiko, maana vidole havitashika.